Goti si tairi

Wiki hii ni mgonjwa wa nne. "Gegedu la goti limeshalika, daktari, sasa nikipunguza uzito nitapata nini? Tairi likiisha limeisha." Halafu anaongeza, tena kwa fahari, kwamba ameacha kutembea ili atunze kilichobaki.

Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ni tishu hai isiyo na mishipa ya damu. Hula kwa kubanwa na kuachiwa, ute wa goti ukiingia na kutoka. Ukikaa tu unalinyima chakula, na msuli wa mbele wa paja unanywea. Hilo nimeshalisema hadi nimechoka, tuendelee.

Kinachonikera zaidi ni kuona uzito kama gunia tu. Mzigo upo, sikatai: utafiti wa Messier na wenzake wa 2005 ulionyesha kwamba kila kilo inayopungua hulipunguzia goti takriban kilo 4 kwa kila hatua. Lakini nani anatembea kwa mikono? Mbona wanene hupata osteoathraitisi, huu ugonjwa wa viungo kulika, kwenye vidole vya mkono kuliko wembamba? Kwa sababu mafuta ya mwilini hayakai kimya. Yanatoa leptini na kemikali nyingine zinazochochea uvimbe wa chinichini hata kwenye kiungo kisichobeba chochote. Na goti lenyewe je? Mwenye matege, mzigo humwelemea upande wa ndani. Kilo zilezile kwa mwenye miguu iliyonyooka husambaa vizuri zaidi. Mizani haikuambii hilo.

Sasa lile tunalolipitia harakaharaka kliniki. Ushahidi kwamba unene huleta ugonjwa wa goti ni mzito. Kwamba kupungua huuzuia usiendelee, ni mwepesi. Katika jaribio la IDEA la Marekani, watu 454 kwa miezi 18, waliochanganya mlo na mazoezi walipungua wastani wa kilo 10 hivi. Maumivu yakashuka kuliko kwa waliofanya mazoezi pekee. Picha za eksirei? Hazikutofautiana. Labda miezi 18 ni michache kwa gegedu. Labda eksirei ni jicho butu. Lakini anayekuahidi gegedu jipya kwa kupungua, mwogope.

Huyu wa nne nilimwambia alenge asilimia 10 ya uzito wake, polepole, bila kushinda njaa, maana msuli nao huondoka. Akatikisa kichwa, akafikiri, akaniuliza: "Na kutembea, daktari, ndiyo niache kabisa?"