Juni milimani: niulize kwanza habari za theluji

Kila mwisho wa Mei, watu wanaojiandaa kupanda milima ya nchi za kaskazini huniuliza swali lilelile: Juni itakuwaje? Wengi wanataka neno moja tu, joto au baridi. Kazi yangu ni utabiri wa hali ya hewa milimani, na kabla sijajibu nami huuliza: huko juu theluji imebaki kiasi gani?

Jua la Juni ni kali, kwa kuwa mchana mrefu kuliko yote mwakani huangukia karibu na tarehe 21. Lakini nguvu yake haiendi yote kupasha hewa. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, na kinachobaki hufanya kwanza kazi ya kuyeyusha. Kazi hiyo si ndogo. Nishati inayoyeyusha kilo moja ya barafu ingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana mlima uliovaa theluji nzito humeza jua la siku nyingi bila hewa yake kupanda joto sana, ilhali mlima uliobaki mawe na udongo mkavu huanza kuipasha hewa asubuhi ileile.

Sasa chukua taarifa ya mwelekeo wa msimu: "uwezekano wa asilimia 45 wa joto kuwa juu ya wastani." Wastani huo kwa kawaida ni wa miaka 30, kwa mfano 1991 hadi 2020. Misimu hugawanywa mafungu matatu yanayolingana: juu ya wastani, wastani, na chini yake. Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina asilimia 33 hivi. Kwa hiyo 45 ni mzani ulioinama kidogo, na asilimia 55 bado ziko kwenye mafungu mengine. Tena ni joto la miezi mitatu kwa eneo kubwa, bonde na kilele vikihesabiwa pamoja. Jumamosi yako haimo humo. Utabiri wa siku moja moja hupoteza nguvu baada ya wiki mbili hivi, na milimani mara nyingi mapema zaidi.

Mwaka 2022 ulitupa somo kutoka pande mbili. Kule kwenye hifadhi ya taifa ya Yellowstone, Marekani, baridi ilikawia na theluji nyingi ikabaki milimani hadi Juni. Kisha mvua kubwa yenye uvuguvugu ikanyesha juu yake. Maji ya mvua na ya theluji yakashuka pamoja, na tarehe 13 Juni mito ikabomoa barabara hadi milango yote ya hifadhi ikafungwa. Kwenye mlima wa Marmolada, Italia, mambo yalikuwa kinyume: theluji ya majira ya baridi ilikuwa haba, na barafu ya kudumu ikabaki bila blanketi. Joto la kileleni lilifika nyuzi 10, na tarehe 3 Julai kipande kikubwa kilimeguka na kuua watu 11. Naikumbuka sana ajali hiyo kila ninaposikia mtu akifurahi kwamba mwaka huu njia zimefunguka mapema.

Baada ya theluji naangalia kimo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1,000, hivyo bonde lenye nyuzi 24 lina nyuzi 11 mita 2,000 juu yake. Upepo wa kaskazini ukiingia, zinashuka zaidi, na theluji huanguka katikati ya Juni. Wasemao Kijerumani huiita "baridi ya kondoo", kwa sababu huwakuta kondoo wamekwisha kunyolewa manyoya.

Halafu kuna saa, na hapa ndipo natamani watu wawe makini kuliko popote. Saa tatu asubuhi anga ni safi. Saa nne au saa tano vinatokea vibonge vya wingu juu ya matuta, chini vimenyooka kama vimekatwa kwa kisu. Vikibaki bapa, endelea. Lakini kibonge kikianza kurefuka kuliko kilivyo kipana, kichwa chake kikichemka kama koliflawa, geuka hapo hapo, hata kama jua bado linakuwakia. Ngurumo hukawia sekunde tatu hivi kwa kila kilomita baada ya mwanga wa radi. Ukiwa kwenye tuta wazi na ukaisikia, umeshachelewa.

Vijito navyo vina saa zake. Alfajiri unavuka kwa kukanyaga mawe, soli zikilowa kidogo tu. Mchana jua linayeyusha theluji juu huko, na maji yake yanakufikia jioni. Ukirudi saa kumi na moja, mawe yale huyaoni tena. Maji yamegeuka rangi ya udongo, na chini yake unasikia kokoto zikigongana. Usijaribu kuvuka. Kaa upande wako ulale, maana usiku ukiwa na anga safi theluji huganda tena, na kabla jua halijachomoza kijito huwa kimepungua.