Baiskeli nyepesi kwa familia ya Mombasa: dhana potofu na ukweli wake

Haibridi ni baiskeli ya mseto: magurudumu makubwa yanayoteleza vizuri kwenye lami, usukani ulionyooka, na mkao wa wima unaokuwezesha kuona tuktuk inayotokea mbele. Kwa familia inayotaka kutembea Barabara ya Mama Ngina asubuhi, au mitaa ya ndani ya Nyali, ni chaguo jema. Ila madukani kuna maneno yanayorudiwa kila siku, na mengi yanamfanya mnunuzi atumie pesa pasipostahili.

Dhana: Mzazi ndiye anayehitaji baiskeli nyepesi

Piga hesabu. Mama wa kilo 70 akipanda haibridi ya kilo 13, baiskeli haifiki hata sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mwanawe wa miaka sita ana kilo 20, na kanunuliwa baiskeli ya chuma ya magurudumu ya inchi 16 yenye kilo 10. Huyo anasukuma nusu ya uzito wake, sawa na mama kupewa baiskeli ya kilo 35. Halafu mtoto akisema amechoka, anaitwa mvivu!

Pesa ya kununulia wepesi ianzie kwa mtoto. Baiskeli ya inchi 16 yenye kilo 6 au 7 ni nzuri sana. Usipoipata, punguza uliyo nayo: toa kikapu, stendi, kifuniko cha chuma juu ya tairi, na vigurudumu vya pembeni mara tu mtoto akijua kujisawazisha. Kifuniko cha cheni kiache, kinalinda suruali na vidole. Kujua uzito ni rahisi: panda mizani ukiwa umebeba baiskeli, panda tena mikono mitupu, toa.

Kwa mtu mzima, haibridi nyingi za aluminiamu zina kilo 11 hadi 14. Kushuka kutoka 13 hadi 11 kunaondoa kilo 2 katika jumla ya 83, na barabarani hutaihisi sana. Utaihisi ukiwa unaishi ghorofa ya tatu na baiskeli inalala ndani. Hapo wepesi una maana.

Dhana: Mnunulie kubwa, ataikulia

Baiskeli iliyomzidi mtoto inamwangusha leo. Akisimama na bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu yake, nyayo zote mbili ziguse chini bila kuchuchumia, na vidole vyake vifike breki na kuivuta mpaka mwisho. Asipoweza kuvuta breki, usimnunulie.

Dhana: Aluminiamu haishiki kutu, kwa hiyo haitaki matunzo

Hii ndiyo inayoua baiskeli nyingi nzuri hapa pwani. Aluminiamu haipati kutu nyekundu, lakini chumvi inaila na kuacha unga mweupe. Pia baiskeli si fremu tu: cheni, spoki nyingi, skrubu na nyaya za breki ni chuma.

Pabaya zaidi ni bomba la kiti. Bomba la chuma likikaa ndani ya fremu ya aluminiamu, na unyevu wa chumvi ukaingia kati yao, metali hizo mbili zinashikana. Baada ya mwaka mtoto amerefuka, kiti hakipandi, na fundi akilazimisha kwa nyundo fremu inapasuka. Kinga yake ni ya dakika tano. Weka alama ya kimo cha kiti kwa utepe, legeza kibano, chomoa bomba, lifute mpaka ling'ae, futa ndani ya fremu kwa kitambaa, paka grisi nyembamba, rudisha. Fanya hivyo kila miezi mitatu. Ukinunua mtumba, jaribu kwanza kama kiti kinapanda na kushuka. Kikigoma, achana nayo. Angalia pia nyufa kwenye viungo, hasa chini ya usukani na penye ekseli ya pedali.

Cheni nayo haitaki grisi. Grisi inashika mchanga, na mchanga unageuka msasa. Mwagia maji baridi ya mfereji, kausha kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta mepesi kwa kila kiungo huku ukizungusha pedali kinyumenyume, kisha futa yaliyobaki nje. Kupima uchakavu, chukua rula: pini 24 baada ya ile uliyoanzia lazima iwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, badilisha cheni kabla haijala meno ya gia, ambayo ni ghali zaidi.

Dhana: Springi za mbele ndizo raha

Springi za bei nafuu huongeza kilo moja au zaidi, na chumvi huzigandisha. Raha iko kwenye tairi. Chagua pana, milimita 38 hadi 42, na upepo wa psi (kipimo cha shinikizo) 45 hadi 55 kwa mtu wa kilo 70, bila kuvuka namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi. Upepo ukipungua mno, ukigonga shimo tyubu inabanwa na rimu na kutoboka vitundu viwili sambamba. Ukijaza kwenye kituo cha petroli, bonyeza kidogo kidogo ukipima: tyubu ya baiskeli ni ndogo na hupasuka upesi.

Dhana: Gia nyingi ndio ubora

Kisiwani hakuna mlima wa gia 21. Gia saba au nane za nyuma zinatosha. Kinachochosha familia ni upepo. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, unavuma kutoka kusini. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, unatoka kaskazini mashariki. Tazama makuti yanaelekea wapi, kisha anzeni safari kuukabili upepo, ili watoto warudi wakisukumwa nao.

Dhana: Mzazi atangulie, watoto wafuate

Ukitangulia huwaoni. Mzazi akiwa peke yake, mtoto awe mbele kidogo, kushoto, nawe nyuma yake ukikaa upande wa kulia, upande wa magari. Mkiwa wazazi wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, mkanda uache nafasi ya kidole kimoja au viwili chini ya kidevu. Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na saa mbili muwe mmerudi, kabla jua halijachoma na matatu hazijajaa barabarani.