Karabai, Kitabu na Jembe: Vijana wa Kujitolea katika Kampeni ya Kisomo ya Kuba, 1961

Nimefanya kazi katika elimu ya watu wazima kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na vijana wanaotaka kujitolea ni hili: kijana asiyesomea ualimu, asiye na cheo wala kipato, atawezaje kuifundisha jamii iliyomzidi umri na uzoefu? Ninapojibu huwapeleka Karibi, hasa Kuba ya mwaka 1961, ambako vijana wapatao 100,000, wengi wao wakiwa bado wanafunzi wa shule, waliondoka majumbani kwao na kwenda kuishi na familia za mashambani ili wazifundishe kusoma na kuandika. Kampeni ile husimuliwa zaidi kwa takwimu za watu waliofundishwa. Kwa maoni yangu, kilichoifanikisha ni mahali alipolala mwalimu. Kijana alikaa nyumbani kwa mwanakisomo wake, akala naye chungu kimoja, akalima naye, na nyuma yake palikuwa na watu waliohakikisha kwamba hakuachwa peke yake.

Sensa ya mwaka 1953 ilikuwa imeonyesha kwamba asilimia 23.6 ya Wakuba wenye umri wa miaka 10 na kuendelea hawakujua kusoma. Wastani huo ulificha pengo kubwa, kwa sababu mijini kiwango kilikuwa asilimia 11.6 na mashambani asilimia 41.7. Tarehe 26 Septemba 1960, akihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Fidel Castro, kiongozi wa Kuba tangu mapinduzi ya mwaka 1959, alitangaza kwamba nchi yake ingefuta ujinga wa kutojua kusoma katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka 1961 ukapewa jina la Mwaka wa Elimu, na hesabu ikaanza kufanywa nyumba kwa nyumba ili kujua ni nani hasa hajui kusoma na anaishi wapi. Hatimaye walipatikana watu zaidi ya 979,000. Ninaisisitiza hatua hii kwa sababu kampeni nyingi za uhamasishaji nilizoziona zimeanza na mabango na hotuba kabla mtu yeyote hajabisha hodi kuuliza nani anahitaji nini.

Walimu waliosomea hawakutosha, na hata wangetosha, wengi walikuwa na makazi na familia mijini. Ndipo shule zikafungwa mapema, katikati ya Aprili, na wanafunzi wakaitwa kujitolea. Aliyetaka kwenda alipaswa kupata idhini ya wazazi wake kwa maandishi, na hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa kwanza wa wengi wao. Katika nchi ambayo binti wa mjini hakuzoea kutoka bila mtu wa kumsindikiza, zaidi ya nusu ya vijana waliojiandikisha walikuwa wasichana. Lakini haikuwa kila familia iliyokubali, na si haki kusimulia habari hii kana kwamba taifa zima lilikuwa na moyo mmoja. Katika kipindi hichohicho, kati ya Desemba 1960 na Oktoba 1962, wazazi wa Kikuba walipeleka watoto zaidi ya 14,000 Marekani bila ya wao wenyewe kufuatana nao, kwa kuhofia kwamba serikali mpya ingewaondolea mamlaka juu ya watoto wao. Mtaa mmoja uliweza kuwa na mama anayemfungia binti yake mzigo wa kwenda milimani na jirani yake anayemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege.

Vikosi vya vijana hao vilipewa jina la Conrado Benítez, kijana mweusi wa miaka 18 kutoka Matanzas, aliyekuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa kujitolea na ambaye aliuawa na wapinzani wa serikali wenye silaha katika milima ya Escambray mwanzoni mwa Januari 1961. Waliojiandikisha walikuwa wanajua basi kwamba kazi ile ilikuwa na hatari. Mafunzo yao yalifanyika Varadero, mji wa ufukweni ambao hapo awali ulikuwa wa matajiri na watalii, na yalichukua takriban wiki moja tu. Walipokuwa ndiyo kwanza wanaanza, tarehe 17 Aprili, wavamizi waliotayarishwa na Marekani walitua Playa Girón, ufukwe wa kusini mwa Kuba. Mafunzo hayakusimamishwa.

Wiki moja ni muda mfupi sana wa kumfanya mtu kuwa mwalimu, na waandaaji walilijua hilo. Kwa hiyo walirahisisha zana za kazi kwa namna ambayo mimi bado naiheshimu. Kitabu cha mwanakisomo kilikuwa na masomo 15, kila somo likianza na picha ya kuzungumziwa, kisha sentensi, kisha silabi na mazoezi ya kuandika. Mwalimu alikuwa na kiongozi chake chenye mada 24 za kumsaidia kuendesha mazungumzo na kujibu maswali. Hakutakiwa kubuni mbinu. Alitakiwa kuifuata ile aliyopewa kwa uvumilivu, ukurasa baada ya ukurasa. Mwanakisomo naye alipimwa mara tatu: mwanzoni ili ijulikane anajua nini, katikati, na mwishoni, ambapo alisoma kifungu kifupi, akaandika imla, kisha akamwandikia Castro barua kwa mkono wake mwenyewe. Barua hizo, zaidi ya 700,000, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Havana.

Mbali na vitabu, kijana alipewa sare, buti, blanketi, kitanda cha kuning'iniza na karabai. Vitu hivi viwili vya mwisho vinaeleza mengi kuhusu fikra iliyokuwa nyuma ya kampeni. Kitanda cha kuning'iniza kilimwezesha kulala katika nyumba ya chumba kimoja bila kumnyang'anya mwenyeji nafasi wala kumtia gharama. Karabai ilihitajika kwa sababu mkulima hukaa shambani mchana kutwa, na muda pekee wa kujifunza ulikuwa baada ya jua kutua, katika nyumba ambazo hazikuwa na umeme. Asubuhi iliyofuata mwalimu aliamka na wenyeji wake, akaenda nao kukata miwa, kuchuma kahawa, kuteka maji au kusaidia kazi za jikoni.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la vijana ninaokutana nao. Mzee wa miaka 60 anaona aibu kumwonyesha mtoto wa mjini wa miaka 15 kwamba hajui kushika penseli. Lakini mtoto huyohuyo, saa chache kabla, alikuwa amemwonyesha mzee kwamba hajui kushika jembe, na mzee alikuwa amemfundisha bila kumcheka. Aibu ilikuwa ya wote wawili, basi ikapungua nguvu. Watu wa fani yetu huandika sana kuhusu namna ya kumheshimu mwanakisomo mtu mzima, na nimesoma miongozo mirefu juu ya jambo hilo. Sijaona mwongozo unaofanya kazi hiyo vizuri kuliko kushinda shambani pamoja naye. Huku kwetu Tanzania, katika madarasa ya ngumbaru, niliona mara nyingi kwamba anayeacha kuja darasani si yule anayeshindwa na herufi, bali ni yule anayehisi kwamba mwalimu anamtazama kwa juu.

Hata hivyo, kukaa na watu peke yake hakutoshi. Vijana hawa waliwekewa walimu waliosomea ambao walipita kuwakagua, na siku za Jumapili walikusanyika kwa ajili ya semina za kueleza matatizo yao, kurekebishwa na kuonana na wenzao. Ukijumlisha vijana, walimu wa shule wapatao 34,000, watu wazima zaidi ya 120,000 waliofundisha katika maeneo yao wenyewe baada ya kazi, na wafanyakazi walioongezwa baadaye, kila mwalimu alikuwa na wanafunzi wasiofika wanne kwa wastani. Ilipogundulika kwamba wazee wengi walishindwa kwa sababu ya macho na wala si akili, macho yakapimwa na miwani ikagawiwa kwa maelfu. Darasa la kisomo lisilouliza habari za macho hupoteza watu kimyakimya, na jambo hili bado linasahauliwa katika miradi mingi.

Kufikia Agosti hesabu zilionyesha kwamba kasi haikutosha kumaliza kazi ndani ya mwaka. Waandaaji hawakulificha hilo. Viwandani na maofisini wakaitwa wafanyakazi maelfu kuongeza nguvu, wenzao waliobaki wakibeba zamu zao. Wanakisomo waliochelewa wakawekewa kambi maalumu za kuharakisha masomo. Na ufunguzi wa shule ukaahirishwa hadi Januari 1962. Mwezi Novemba Melena del Sur, kusini mwa Havana, ukawa wilaya ya kwanza kutangazwa kwamba haina tena mtu asiyejua kusoma. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Manuel Ascunce, mwalimu wa kujitolea mwenye umri wa miaka 16, aliuawa huko Escambray pamoja na Pedro Lantigua, mkulima aliyekuwa mwenyeji na mwanafunzi wake. Ninawataja wote wawili kwa makusudi, kwa sababu mwenyeji aliyemfungulia kijana mlango alibeba hatari ileile, na sifa za kampeni hii mara nyingi humpita.

Jambo moja katika kampeni hii siwezi kuliunga mkono bila masharti, nalo ni yaliyomo vitabuni. Somo la kwanza la kitabu cha mwanakisomo lilitumia kifupi cha jina la Kihispania la Jumuiya ya Nchi za Amerika, OEA, ambayo serikali ya Kuba ilikuwa ikizozana nayo, kwa kuwa kilikusanya irabu tatu kwa pamoja. La pili likatumia kifupi cha taasisi ya mageuzi ya ardhi, INRA. Kwa upande wa ufundishaji uteuzi huo una mantiki, lakini ulimfanya mtu ajifunze irabu na msimamo wa serikali kwa pumzi moja. Vitabu vyetu vya kisomo chenye manufaa vilivyotumika Kanda ya Ziwa karibu na mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, vilianza na pamba na ufugaji, na ingawa navyo vilikuwa na siasa yake, mkulima alianza na kitu alichokigusa kila siku. Naamini kijana wa kujitolea ana wajibu wa kumwachia mwanakisomo nafasi ya kutokubaliana naye, na nafasi hiyo Kuba ya mwaka 1961 ilikuwa finyu.

Tarehe 22 Desemba 1961 vijana walijaa katika uwanja mkuu wa Havana wakiwa wamebeba penseli kubwa za kuchonga, na ikatangazwa kwamba watu 707,212 walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika, na kwamba waliobaki walikuwa asilimia 3.9 ya wananchi. Siku hiyo ndiyo Siku ya Mwalimu nchini Kuba hadi leo. Miongoni mwa waliobaki, pamoja na wazee sana na wagonjwa, walikuwamo Wahaiti wapatao 25,000 waliokuwa wakiishi katika maeneo ya kilimo ya Oriente na Camagüey, mashariki mwa nchi. Hao hawakukosa uwezo wa kujifunza. Walizungumza Kikrioli, na kampeni ilifundisha kwa Kihispania tu. Kwa msomaji anayetoka katika kijiji ambacho Kiswahili kilikuja baada ya lugha ya mama, hakuna haja ya kueleza zaidi maana ya mtu kufundishwa herufi katika lugha asiyoielewa.

Kiwango walichofikia wengi wa wale 707,212 kilikuwa takriban cha darasa la kwanza, na mtu aliyefika hapo husahau upesi asipopata cha kusoma. Kwa hiyo kuanzia mwaka 1962 yalifunguliwa madarasa ya kuendeleza wafanyakazi na wakulima, na baadaye lengo likawa kuwafikisha darasa la sita. Kazi hiyo ndefu haikuwa na penseli za kubeba wala nyimbo za vikosi, na ndiyo iliyohakikisha kwamba ile ya mwaka 1961 haikupotea. UNESCO ilipotuma wataalamu mwaka 1964 kuichunguza kampeni, waliyachunguza pia madarasa haya ya baadaye.

Visiwa vingine vya Karibi vilifuata kwa njia zao. Jamaika iliunda chombo cha kitaifa cha kisomo mwaka 1974 kilichotegemea sana walimu wa kujitolea, na Grenada ikaanza yake mwaka 1980, ikiwatumia vijana katika vijiji vyao wenyewe. Miongoni mwa waliojiunga na vikosi vya Kuba mwaka 1961 alikuwamo msichana wa miaka 14 kutoka Camagüey, Leonela Relys. Alibaki katika elimu maisha yake yote, na mwaka 1999 akaenda Haiti kusaidia kuandaa masomo ya kisomo kwa njia ya redio. Kutokana na uzoefu huo alitunga mbinu inayounganisha herufi na tarakimu, kwa hoja kwamba mtu asiyejua kusoma huwa tayari anajua kuhesabu pesa zake, na mbinu hiyo imetumika katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini na kwingineko, ikiendeshwa na wasimamizi wa kujitolea kutoka jamii zilezile.