"Watu wanapiga soga tu, hakuna kinachotokea"

Nafundisha uandishi wa filamu, na kila nikionyesha Metropolitan ya Whit Stillman (1990), lazima mtu aseme: "Mwalimu, hii haina kisa. Watu wamekaa sebuleni wanapiga soga." Juzi nimeambiwa tena, na mwanafunzi aliyekuwa kwenye simu tangu filamu ilipoanza. Nimechoka kujibu kwa mdomo.

Kisa kipo, ila kinapita kwenye maneno. Mtazame Tom, kijana asiye na fedha za kuwafikia wenzake, anayejikuta katikati ya vijana wa tabaka la juu la Manhattan msimu wa dansi za Krismasi. Anamponda Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, mbele ya Audrey, msichana wa kundi hilo anayempenda mwandishi huyo kwa dhati. Audrey anamuuliza amesoma riwaya zipi za Austen. Hata moja, anajibu Tom. Yeye hasomi riwaya, anasoma uhakiki, maana humo hupata mawazo ya mwandishi na ya mhakiki kwa mpigo mmoja. Anasema hivyo bila hata kutabasamu. Unacheka, na papo hapo umeshamjua: kijana wa maoni ya kuazima, anayeogopa kuonekana hajui. Mwigizaji angejichekesha kidogo tu, yote hayo yangepotea.

Halafu hesabu watu. Mwanzoni sebule ya Sally Fowler, mmoja wa vijana hao, wanapokutania, imejaa. Nick, mwenye ulimi mkali kuliko wote, anapanda treni anaondoka. Likizo inakatika, kila mmoja anashika njia yake. Mwishowe wamebaki Tom na Charlie, wawili wasiojua kuendesha gari, ndani ya teksi wakimfuata Audrey mbali na jiji. Hakuna aliyetangaza kwamba kundi limevunjika. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na marafiki wa kila jioni, kisha siku moja akagundua hawakutani tena, anajua kwamba hicho ni kisa, tena kinauma. Itazame mara ya pili ukiandika kwenye karatasi nani hayupo kila wanapokutana. Wanafunzi waliofanya hivyo hawajanirudia na lile lalamiko.

Wengine husema filamu za namna hii, za matajiri wanaopiga soga, ni za matajiri kujisifu. Sivyo kabisa. Charlie anatumia nusu ya filamu akieleza jinsi tabaka lake linavyoelekea kuporomoka. Na La Règle du jeu ya Jean Renoir, filamu nyingine ya namna hiyo, inayowacheka mabwana na mabibi wa Ufaransa, ilizomewa Paris mwaka 1939, na mwaka huohuo serikali ikaipiga marufuku.

Kuna pia wanaodhani ni kazi nyepesi kwa kuwa ni maneno tu. Stillman aliuza nyumba yake kupata sehemu ya fedha za kuitengeneza Metropolitan, na muswada wake ukateuliwa kuwania Oscar. Chukua ukurasa mmoja wa mazungumzo yake, ufute sentensi moja, kisha usome inayofuata uone kama bado inachekesha.