Baridi yabisi haitoki ziwani

Huku Mwanza mama akianza kulalamika vidole utasikia tu "hiyo baridi ya ziwa, acha kushika maji alfajiri". Wanasemaga hivyo toka enzi za bibi zetu na jina lenyewe linachangia, baridi yabisi, nani asiamini. Ila baridi haileti huu ugonjwa, labda inafanya maumivu yasikike zaidi basi. Ni kinga ya mwili imejichanganya inashambulia viungo vyake yenyewe, ndo maana hata asiyewahi kukanyaga mwaloni anaupata, na wanawake wengi kuliko wanaume.

Sasa daktari wa rumatolojia (yule wa magonjwa ya viungo kama haya, sio wa kufunga mivunjiko jamani) anakushika vidole kimoja kimoja, anabonyeza penye uvimbe, anauliza asubuhi unakaa muda gani mpaka ukunje ngumi, ukisema saa nzima anakaa vizuri kwenye kiti maana hiyo ni dalili yake, af vipimo vya damu na eksirei. Anatenganisha pia na jongo (gauti) maana tiba yake nyingine. Mara nyingi anaanza na methotrexate, dawa ya kutuliza hiyo kinga, na hii inanywewa mara moja kwa WIKI sio kila siku, hapo watu wanakosea na inaweza kuua, damu inapimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Diklofenaki ya duka la dawa inatuliza maumivu tu huku kiungo kinaliwa ndani kwa ndani.

Mama wa kuanika dagaa pale Kirumba, vidole vikishapinda dawa haivinyooshi, kwahiyo ni miezi ya mwanzo ndo ya kuomba rufaa.