Katani ndani ya plasta haipozi nyumba

Juzi tena nimepigiwa simu. Mama mmoja wa hapa Tanga amemwagiza fundi akatekate katani, aichanganye kwenye plasta ya saruji, "nyumba ipoe". Plasta yenyewe sentimita mbili. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno, sasa naliandika.

Katani ndani ya plasta ina kazi yake, nayo ni kushika nyufa. Joto haigusi. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi, wala si unyuzi wenyewe. Hewa hiyo hupitisha joto kwa kiasi cha 0.025 W/mK (kipimo cha upitishaji joto; namba ikiwa ndogo, joto linapita kidogo), zege la kawaida hupita 1. Tandiko la katani au usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) lililochambuliwa vizuri hucheza kwenye 0.04 hadi 0.05, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni hewa. Ukizizika nyuzi ndani ya saruji, hewa umeifukuza.

Tena saruji ina alikali kali. Inakula ligini inayoshikanisha vinyuzi, chokaa nayo inajaa ndani, unyuzi unakuwa wa kuvunjika kama kijiti kikavu. Mabati ya saruji na katani yaliyopigiwa debe miaka ya 1970 na 1980 yaliponzwa na hilo. Ukipunguza saruji ukaweka majivu ya pumba za mpunga, madhara yanapungua. Hata hivyo nina shaka nayo, na paa la mtu silijengi kwa mchanganyiko huo.

Nyumba ya bati joto lake linatoka juu. Basi nyuzi zipeleke juu ya dari, unene wa sentimita nane hadi kumi. Na hapa, ndugu yangu fundi, nisikilize: usizikanyage zienee! Ukizishindilia, nyuzi zinagusana na joto linapata njia. Ukiziacha wazi mno, hewa inazunguka na kubeba joto yenyewe. Ukibonyeza kwa kiganja, tandiko linywee kidogo, kisha lirudi. Kati yake na bati acha nafasi, na toboa matundu ya hewa pande zote mbili za paa. Bati linalovuja lizibe kwanza, maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia.

Mchwa na moto: loweka nyuzi kwenye maji ya boraksi (aina ya chumvi ya madini), anika hadi zikauke kabisa. Boraksi huchelewesha moto, haiuzuii, kwa hiyo nyaya za umeme zipite ndani ya bomba.

Kinachoninyima usingizi ni unyevu wa pwani. Dari niliyotandika Pangani miaka sita iliyopita nimeifungua mwezi uliopita: katikati nyuzi safi, upande wa baharini zina ukungu. Katani ya pande zote ilitoka robota moja, ikalowekwa pipa moja la boraksi. Nashuku matundu ya upande ule ni madogo. Nimeyapanua, na upande huo nimebadilisha katani kwa usumba, ambao hauozi upesi. Baada ya masika nitapanda tena darini.