Grafiki mbili si grafiki maradufu

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu akiwa dukani, Kariakoo, pesa mkononi. "Mjomba, nimepata mashine yenye grafiki mbili. Jumla GB 12. Nichukue?" Nikamwomba anitumie picha ya skrini. Ilikuwa laptopu nzuri kwa bei yake, yenye kadi ya GB 4. GB 12 za grafiki hazikuwamo popote ndani ya mashine ile. Simlaumu muuzaji, kwa sababu namba inayokaribia 12 kweli ilikuwa imeandikwa pale kwenye skrini, na nitaeleza ilikotoka. Ila hili neno "grafiki mbili" nimelisikia likibebeshwa mzigo usio wake mara nyingi mno: kwa wauzaji, kwa wanunuzi, na kwa vijana wanaounda kompyuta za gemu na kuuliza kama waongeze kadi ya pili. Safari hii nimeona niliandikie.

Maana yenyewe ni fupi. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Ndani yake mna chipu ya kupiga hesabu za kuchora, na memori ya kuwekea vitu inavyovichora. Kompyuta yenye grafiki mbili ni ile yenye chipu mbili za namna hiyo, basi. Neno halisemi kama chipu hizo zinafanya kazi pamoja, wala kama zina nguvu sawa, wala kama moja inaijua nyingine.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kimetupa maneno ya kutenganisha mambo haya, nasi hatuyatumii. "Mbili" ni idadi ya vitu. "Maradufu" ni kipimo: mavuno yakiwa maradufu, umevuna mara mbili ya mwaka jana. Neno hili lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wa r-d-f, ambao maana yake ya msingi ni kufuata nyuma. Kwa Kiarabu ridf ni yule anayepanda nyuma ya mwenzake juu ya mnyama mmoja. Kwetu mzizi huo umezaa "maradufu", kitu kilichokunjwa au kuzidishwa mara mbili, hata kile kitambaa kizito tukakiita hivyo. Umezaa pia "kurudufu", yaani kutoa nakala. Waliosoma zamani wanaikumbuka mashine ya kurudufu mitihani, na wino wake uliobaki vidoleni. Basi ukirudufu mtihani wa kurasa nne, hupati mtihani wa kurasa nane. Una mitihani miwili, na kila mmoja una maswali yale yale.

Huo ndio ufunguo wa suala zima la memori. Ukifunga kadi mbili za GB 4 kwenye kompyuta moja na kuzitaka zichore gemu moja, kila kadi inahitaji kuwa na tekscha zote mkononi, yaani zile picha zinazovalishwa maumbo ili ukuta uonekane ukuta na nyasi zionekane nyasi. Kadi moja haiwezi kumkimbilia mwenzake kila mara kuazima picha ya ukuta; njia kati yao ni nyembamba mno kulinganisha na kasi ya memori iliyo ndani ya kadi yenyewe. Kwa hiyo vitu vyote vinanakiliwa kotekote. Memori imerudufiwa, haikuwa maradufu. GB 4 na GB 4, kwa gemu, ni GB 4.

Historia yake inastahili kusimuliwa, maana ndani yake kuna jina lililobaki huku kazi ikibadilika chini yake. Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iliyoitwa 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2, na ikawezesha kadi mbili kufungwa ndani ya kompyuta moja na kuunganishwa kwa waya mfupi. Mpango huo ikauita SLI, herufi za mwanzo za Scan-Line Interleave, yaani kupishanisha mistari ya skrini. Picha ya skrini ni mistari ya mlalo iliyopangwa toka juu hadi chini. Kadi moja ilichora mistari ya witiri, nyingine ya shufwa, ikapishana kama miyaa kwenye ukili. Jina lilieleza kazi kwa uaminifu kabisa.

Na pale, kwa sehemu, kitu kiliongezeka kweli. Voodoo2 ya MB 12 ilikuwa na MB 4 za picha inayochorwa na MB 8 za tekscha. Tekscha zilirudufiwa kama nilivyoeleza, lakini picha yenyewe iligawanywa nusu kwa nusu, kila kadi ikabeba mistari yake tu. Ndiyo maana kadi moja iliishia kwenye skrini ya pikseli 800 kwa 600, na mbili zikafika 1024 kwa 768. Aliyesema wakati ule kwamba kadi mbili zinaleta picha kubwa zaidi hakukosea.

Kisha 3dfx ikashindwa biashara. Desemba 2000 Nvidia, mshindani wake, ilitangaza kununua mali zake, jina la SLI likiwamo. Mwaka 2004 Nvidia ilipoleta mpango wake wa kadi mbili, pamoja na GeForce za mfululizo wa 6, ilirudisha herufi zile zile tatu, lakini sasa zikasimama badala ya Scalable Link Interface. Mistari haikupishanishwa tena. ATI, mshindani wa Nvidia, nayo mwaka uliofuata ikaja na mpango wake, CrossFire, na mwaka 2006 ATI ikanunuliwa na AMD. Kwa hiyo mtu anayetetea SLI kwa kukumbuka Voodoo2 anazungumzia kitu kingine, hata kama herufi ni zile zile.

Kazi mpya ilikuwa hivi: badala ya kugawana picha moja, mara nyingi kadi zikagawana zamu. Kadi ya kwanza inachora fremu ya kwanza, yaani picha moja kamili ya skrini, ya pili inachora fremu ya pili, ya tatu inarudi kwa kadi ya kwanza. Moja inaifuata nyingine, na kwa hilo mzizi wa r-d-f umekaa mahali pake. Kwenye karatasi, kama kadi moja inatoa fremu 30 kwa sekunde, mbili zitatoa 60.

Lakini fikiria mafundi cherehani wawili, kila mmoja akimaliza shati moja kwa siku. Ukiwaweka pamoja utapata mashati mawili kwa siku. Shati lako wewe bado litachukua siku nzima. Ndivyo ilivyo na fremu: zinatoka 60, ila kila moja imechukua muda wa kuchorwa na kadi moja, karibu milisekunde 33. Mchezaji anayebonyeza kitufe cha kupiga anahisi uzito wa fremu 30, ingawa kipimo kinaonyesha 60. Hapa ndipo wengi walipochanganyikiwa, wakadhani jicho lao linawadanganya.

Kuna na tatizo la pili, la mdundo. Fremu 60 zilizopangika vizuri hufika kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Kadi mbili zisipopeana nafasi sawasawa, fremu moja inafika baada ya milisekunde 5, inayofuata baada ya 28, tena 5, tena 28. Wastani ni ule ule wa 60. Jicho linaona kugugumia, kwa sababu linayangoja yale mapengo ya 28. Suala hili lilipimwa kwa makini miaka ya 2012 na 2013, na AMD ikalazimika kutoa draiva, yaani programu inayoendesha kadi, ya kusawazisha mdundo huo. Ilisaidia, lakini muda si mrefu gemu zenyewe zikabadilika. Gemu nyingi za leo hulainisha picha kwa kutumia habari za fremu iliyotangulia. Maana yake fundi wa pili hawezi kukata kitambaa mpaka aone shati la wa kwanza. Zamu zikageuka foleni.

Watengenezaji wenyewe waliondoka taratibu. Mwaka 2016 GTX 1060 ya Nvidia, kadi ya watu wa kipato cha kati, ilitoka bila sehemu ya kuunganishia kadi ya pili. Nalitaja hili kwa makusudi: bado nakutana na vijana wenye 1060 wanaotafuta ya pili ya mtumba "waziunge", na haziungiki kwa SLI. Radeon RX 5700 ya AMD, ya mwaka 2019, haina CrossFire. Mwaka 2020, kwenye mfululizo wa RTX 30, ni 3090 peke yake iliyobaki na kiunganishi, na Nvidia ikatangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 haitaongeza tena maandalizi mapya ya SLI ndani ya draiva zake. Gemu inayotaka kadi mbili ijitayarishe yenyewe. RTX 4090 ya mwaka 2022 haina kiunganishi kabisa. Njia ya gemu kujitayarisha yenyewe ilifunguliwa mwaka 2015 na DirectX 12, mfumo wa Microsoft ambao gemu hutumia kuzungumza na kadi, na gemu ya Ashes of the Singularity ilionyesha hata kadi ya Nvidia na ya AMD zikichora pamoja. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Waundaji wachache mno waliifuata, kwa sababu ni jasho kubwa kwa ajili ya wachezaji wachache.

Kwa hiyo, kwa kompyuta ya kuchezea gemu, jibu langu ni hapana, na ninalisema bila kusitasita. Uza kadi ya zamani, ongeza pesa, nunua moja kubwa zaidi. Kadi mbili zitakuomba mazabodi yenye nafasi mbili za kutosha, pawa saplai nene, na njia ya kupitishia joto, na Dar ya Februari haikusaidii kwa hilo. RTX 3090 moja inakula hadi wati 350. Mbili ni 700. Ukicheza saa nne kwa usiku mashine ikiwa imezama kazini, kadi peke yake zimekula karibu uniti 2.8 za LUKU, na gemu nyingi zitakuwa zimeiacha ya pili imekaa tu.

Nje ya gemu mambo ni tofauti, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kadi ya pili haina maana popote. Anayetengeneza katuni kwa Blender anaweza kuzipa kadi mbili kazi ya picha moja na kumaliza mapema sana, kwa kuwa pale hakuna anayesubiri kitufe kijibu. Wanaoendesha modeli za lugha, yaani programu za akili mnemba zinazoandika, nyumbani hugawa tabaka za modeli, nusu huku na nusu kule, na kwao GB 12 na GB 12 hukaribia kuwa 24 kweli, kwa sababu modeli imegawanywa badala ya kurudufiwa. Angalia daima ni lipi kati ya hayo mawili linalotokea.

Sasa turudi Kariakoo. Laptopu ya mpwa wangu ina chipu ya grafiki ndani ya prosesa, na kadi ya Nvidia pembeni. Mpango huu Nvidia iliutangaza mwaka 2010 kwa jina la Optimus. Ukisoma barua au kutazama video, ile ndogo ndiyo inayofanya kazi, betri inapona. Ukifungua gemu, kubwa inaamka na kuchora, kisha kwa kawaida inampa ndogo picha iliyokwisha kuchorwa ili aifikishe kwenye skrini. Hazigawani kazi ya kuchora. Zinapokezana. Kulikuwa na laptopu za AMD, kuanzia mwaka 2011, ambazo chipu ya ndani na ya pembeni zilijaribu kweli kuchora pamoja, na AMD iliuita mpango huo Dual Graphics. Nadhani stika za mashine hizo, ambazo mitumba yake imepita sana mikononi mwetu, ndizo zilizotuzoesha kuliona neno hili kama ahadi. Mpango wenyewe umekwisha zamani.

Na ile 12? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji, chagua GPU, yaani chipu ya grafiki. Windows inaonyesha memori ya kadi yenyewe, na chini yake memori ya kushirikiana, ambayo ni nusu ya RAM, yaani memori kuu ya kompyuta nzima. Halafu inazijumlisha. Mashine yenye RAM ya GB 16 na kadi ya GB 4 inaonyesha jumla inayokaribia 12. Ile 8 ni RAM ya kawaida, ambayo kadi inaruhusiwa kuiazima ikizidiwa, na ikifika huko gemu inakuwa nzito. Namba ya kuuliza dukani ni ile ya memori ya kadi yenyewe.

Mpwa wangu aliichukua laptopu, na nilimwambia amefanya vizuri, bei ilikuwa ya haki kwa kadi ya GB 4. Nimemwomba tu kwamba rafiki zake wakimuuliza, asiwaambie ina grafiki mbili, GB 12. Aseme ina grafiki za kupokezana, na kubwa yake ni GB 4.